Udongo Juu ya Saruji

Mtaani kwao mtu aliyekuwa na ua wa udongo alihesabiwa maskini, au mvivu, au vyote viwili. Ua wa saruji ndio uliokuwa heshima. Mvua inyeshe isinyeshe, mgeni anaingia na viatu vikavu, watoto wanacheza bila kurudi wamepakwa matope hadi kwenye nyusi, na mwenye nyumba akifagia asubuhi anafagia kwa madaha kama anayefagia sebule. Heshima hiyo iliuzwa na mtu mmoja, fundi mwashi ambaye watu walimwita Saruji, na kuanzia kileleni mwa mtaa hadi bondeni hapakuwa na ua ambao hakuupitishia mwiko wake. Alianza na ua wa kwake, ukuta hadi ukuta, uwe tangazo.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, chini kabisa, pale barabara inapovuka kijito juu ya kalavati nyembamba. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, wakamwita Bi Cherehani, na utani wa mtaa ulikuwa kwamba nyumba yenye mafundi wawili haikosi kuvuja. Utani ule ulikuwa na kweli yake. Chumba cha nyuma, ambamo Bi Cherehani alishona mchana na mama mkwe wake akalala usiku, kilikuwa chini ya ua kwa vidato viwili, na masika yaliyopita kijito kilifurika kikaingia humo bila hodi. Godoro la mama mkwe lilianikwa juani wiki nzima. Kila apitaye aliuliza kulikoni, na bibi kizee, ambaye nyonga ilimkataza kutembea lakini ulimi haukumkataza kitu, akawajibu wote kwamba amekojoa, wamwache.

Tangu hapo Bi Cherehani alitaka jambo moja tu, kalavati ipanuliwe kabla masika mengine hayajafika. Na safari hii alikuwa na sababu kubwa kuliko godoro. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ambaye siku zote alipeleka kazi ya sare kwenye duka kubwa la mjini, alikuwa amemwamini kwa mara ya kwanza. Majora ya kitambaa cha buluu yalipangwa ukutani mle chumba cha nyuma hadi karibu na dirisha, yote mali ya shule. Akimaliza vizuri kabla shule hazijafunguliwa, kazi ile itakuwa yake kila mwaka. Akiharibu, ataendelea kutia viraka suruali za majirani na kulipwa ahadi.

Ndipo manispaa ikaleta ada ya maji ya mvua. Diwani aliitisha mkutano akaieleza kwa utulivu wa mtu anayejua atazomewa. Zamani, alisema, fedha za mifereji zilichotwa kapu moja na za taa, za barabara na za mishahara, na mifereji ikala makombo. Sasa utakuwapo mfuko wake peke yake, wa kuzibua mitaro, kupanua makalavati, na kupanda miti na nyasi kingoni mwa kijito kisiendelee kumega ardhi. Kila nyumba italipa kwa kadiri ya bati lake na saruji yake, kwa sababu maji yakianguka juu ya udongo hunywewa, yakianguka juu ya saruji hufukuzwa yakamsumbue aliye chini. Mwenye ua wa udongo atalipa kidogo. Aliyesakafia ua wote atalipa zaidi. Mpimaji atapita nyumba kwa nyumba.

Bi Cherehani alikuwa amekaa mbele, na aliposikia neno kalavati moyo ulimruka kwa furaha. Kisha akageuka. Watu hawakuwa wakimtazama diwani tena. Walikuwa wakimtazama mumewe.

*

Mwenye bucha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja getini. Ua wake ulikuwa mpana kuliko yote mtaani, na malipo ya mwisho ya kazi ile yalikuwa bado mkononi mwake. Hakuja kugomba. Alikuja na sauti ya upole, ile inayoumiza zaidi.

"Fundi, deni lako nalijua," alisema. "Lakini nikulipe vipi kwa kitu ambacho nitakilipia tena kila mwaka mpaka nife? Uliponiuzia ulisema saruji haina matunzo."

Saruji alicheka cheko la kumeza mate, akasema wataelewana, wala wasiharibiane jina. Wiki ile ile wateja wawili waliokuwa wamemwita kupima nyua zao wakasema wanafikiria kwanza. Mwingine aliyekuwa akimdai salamu kila asubuhi akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Na Bi Cherehani akienda buchani, alihudumiwa wa mwisho hata akiwa wa kwanza kufika, na nyama yake ikawa mifupa iliyopakwa nyama. Alilipa, akashukuru, akarudi nyumbani akaipika mifupa ile bila kumweleza mtu. Ya ndani ayajuaye ni mwenye chungu.

Siku Saruji aliporudi nyumbani akitabasamu, mkewe aliogopa kabla hajafurahi. Aliketi kidatoni mwa chumba cha nyuma, akawaeleza mkewe na mama yake mpango. Mjini palikuwa na ghorofa linachimbiwa msingi, na udongo wake mwekundu hauna pa kwenda. Unatolewa bure. Gharama ni lori tu, na mtaa ukichanga, kila nyumba itatoa kidogo sana. Mpimaji anapima anachokiona. Akiona udongo, ataandika udongo.

Mama mkwe aliitikia kwanza, amelala, macho darini. "Njia ya mwongo fupi, mwanangu."

"Huu si uongo, mama. Ni udongo."

Bi Cherehani alikuwa na mguu juu ya cherehani na kola ya shati chini ya sindano. Aliuliza, je, mvua? Saruji akasema mvua bado, hata mawingu hayajaanza. Akauliza, je, kalavati? Kama kila mtu akijifanya hana saruji, hela za kuipanua zitatoka wapi?

"Zitatoka kwa wengine," Saruji alisema. "Mji ni mkubwa, mke wangu."

Tusimtakase Bi Cherehani. Alijua kwamba jibu lile lina tundu, na fundi wa nguo haoni tundu akalipita. Lakini alikuwa amechoka kuhudumiwa wa mwisho, na hakuwa amemwona mumewe akitabasamu tangu mkutano wa diwani. Akakanyaga cherehani ikaanza kunguruma, na kwa kuwa hakusema hapana, ikawa amesema ndiyo.

Lori lilikuja. Mtaa mzima ulitoka na makarai, mabeleshi na vicheko, ungedhani kuna harusi. Watu walioacha kusalimiana walipokezana mizigo. Saruji alipanda na kushuka mlima akielekeza, hapa paongezeni, pale pakanyageni paonekane pa zamani, na watu wakamwita fundi tena kwa ile sauti ya zamani. Mwenye bucha alizidisha. Alichimbia miche ya maboga kwenye udongo wake, mstari kwa mstari, akaimwagilia mbele ya watu, na nyumba ya pili kutoka kwake wakaazima mbuzi wakamfunga uani, asimame pale kama shahidi. Bi Cherehani naye alibeba karai kichwani. Udongo ulipomwagwa juu ya ua wao wenyewe, juu ya lile tangazo, alisikia kitu kama aibu na kitu kama nafuu, na nafuu ndiyo iliyokuwa kubwa.

*

Mpimaji alikuwa binti mwenye kofia pana na gurudumu la kupimia lenye mpini mrefu, analolisukuma mbele yake likihesabu njia. Alianzia juu. Kila alipotoka nyumba moja kuingia nyingine, watu wa nyumba ya kwanza walitoka getini wakamfuata kwa mbali, hivi kwamba alipofika bondeni nyuma yake palikuwa na kundi. Aliamkia shikamoo, akapokea maji ya kunywa kwa mikono miwili, na kabla hajatazama ua akaenda kuchungulia kalavati.

"Hii ni ndogo sana, mama," alimwambia Bi Cherehani. "Maji huwaingilia?"

Bi Cherehani akamwonyesha kwa kidole alama ya matope ya mwaka jana, ukutani mwa chumba cha nyuma, juu ya kizingiti. Akamwonyesha majora ya buluu. Hakujua kwa nini anayaonyesha. Mama mkwe, kitandani, alimtazama binti yule kutoka kichwani hadi miguuni.

Mpimaji alirudi uani, akasimama katikati, akakanyaga kwa kisigino. Kisigino kikazama kidogo, kikagota. Kila mtu alikisikia kilivyogota, au Bi Cherehani alidhani hivyo. Binti hakuinua uso. Alisema polepole, kwa sauti ya chini ambayo wa getini hawakuweza kuipata, kwamba mtaa huu ulitajwa wa mwanzo kwa kupanuliwa kalavati. Lakini manispaa inaanza kule kwenye saruji nyingi, kwa kuwa ndiko yanakotoka maji mengi. Wakipimwa wote wana udongo mtupu, watarudishwa nyuma ya foleni, na foleni ni ndefu.

"Mama," akauliza, "udongo huu umetoka wapi?"

Palikuwa na nafasi pale. Bi Cherehani aliiona waziwazi. Angeweza kusema neno moja na kalavati ikapanuliwa, chumba chake kikakauka milele. Lakini mlangoni alisimama Saruji, anajifuta mikono isiyo na kitu. Getini alisimama mwenye bucha, na nyuma yake mtaa mzima uliobeba makarai pamoja naye. Neno lile moja lingempitia mumewe kwanza kabla ya kufika popote.

"Ni wa hapahapa," alisema. "Mtaa wetu ndivyo ulivyo."

Binti akaandika kwenye simu yake. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili kama alivyokipokea. Akasema tu wasiache udongo ule ukaingia mtaroni, kwa sababu udongo mlegevu na mvua havipatani, kisha akasukuma gurudumu lake akaenda zake.

Jioni ile mwenye bucha aliwapelekea furushi la mnofu mtupu, hata mfupa mmoja haumo, pamoja na malipo yake ya mwisho. Saruji alikula akasifu. Bi Cherehani alimsogezea sahani yake.

Asubuhi yake alimwambia mumewe waukombe udongo, wauondoe mara moja. Saruji alikubali, akaenda kuwaambia majirani. Lakini majirani waliogopa. Wakasema mpimaji anaweza kurudi kukagua, waache kwanza upoe. Mwenye bucha akasema miche yake imeshika, ni dhambi kuing'oa. Basi udongo ukakaa, leo kesho, na Saruji, aliyerudishiwa jina lake, hakutaka kuwa mtu wa kwanza kuwaudhi. Bi Cherehani akaanza kushona kwa haraka kuliko alivyopata kushona, jicho moja kwenye sindano na jingine dirishani.

*

Mvua ilikuja kabla ya wakati wake, alasiri, Saruji akiwa kazini upande wa pili wa mji. Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja, juu ya bati kukawa hakuna kusikilizana, na Bi Cherehani akasimama akiwa na uzi mdomoni.

Alitoka akakimbilia kalavati. Mtaro wa barabarani ulikuwa unateremsha kitu ambacho si maji na si tope, kizito, chekundu, kinaviringika kama uji unaochemka. Kila ua wa mtaa ulikuwa unajiosha. Saruji laini ya mumewe ilikuwa inatokea chini, safi, inang'aa, na kila kilichomwagwa juu yake kilikuwa njiani kuja kwake. Aliona majani ya maboga yakizunguka kwenye mdomo wa kalavati, yakazama, yakaibuka, yakakwama. Akapiga magoti akaanza kuchota kwa mikono. Alichota na kutupa, alichota na kutupa, na kilichokuja kilikuwa kingi kuliko alichotupa. Kisha kalavati ikanyamaza. Ule mngurumo wa maji yanayopita chini ya barabara ukakatika, na Bi Cherehani akajua kwamba maji yameanza kutafuta njia nyingine.

Aliyakuta mlangoni mwa chumba cha nyuma, yanashuka vidato taratibu kama mgeni anayejua kwao. Majora ya chini yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Akasimama katikati ya chumba, mama mkwe upande mmoja na kitambaa upande mwingine, na mikono yake ni miwili tu.

"Toa kitambaa kwanza," mama mkwe alisema. "Mimi sichuji rangi."

Alimbeba mama mkwe kwanza. Alimweka mgongoni, akapanda vidato na maji yakimvuta magotini, na bibi kizee alimshika shingo akimsimanga njia nzima kwamba ni mpumbavu, kitambaa ni cha watu. Alimketisha juu ya meza sebuleni. Akarudi. Jora la kwanza alilitoa likiwa zima. La pili lilikuwa limelowa nusu, zito kama maiti, akalitoa. Aliporudi mara ya tatu ukuta wa tope ulishaingia chumbani, na alipolivuta jora lililobaki chini ya mengine, yote yakamwangukia ndani ya maji. Alitumbukiza mikono akayapapasa. Alichokishika kila mara kilikuwa udongo. Hapo Bi Cherehani alilia kwa sauti, na kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga bati, alilia anavyotaka.

*

Majirani walikuja mvua ilipokatika. Hawakuwa watu wabaya. Walishuka na mabeleshi yale yale, wakasema pole, pole sana, kazi ya Mungu haina makosa. Saruji alifika amelowa, akaingia kati yao bila kumtazama mkewe, akaanza kutoa tope kwa pupa. Walipoifikia cherehani, mwenye bucha ndiye aliyeinama kuiinua. Kwenye gurudumu lake palikuwa pamejisokota mche wa boga, majani bado mabichi.

Mwenye bucha aliuona. Alitaka kuung'oa kimyakimya autupe, lakini Bi Cherehani alikuwa amesimama naye uso kwa uso. Mabeleshi yakasimama moja baada ya jingine, kisha yakaanza tena, polepole, na muda si mrefu kila mtu akakumbuka ana kazi nyumbani.

Kesho yake alikwenda shuleni amebeba kilichosalia. Njiani alikuwa ameyapanga maneno. Angesema ni mvua, na isingekuwa uongo. Mwalimu mkuu alimkaribisha kiti, akasikitika kabla hata hajaambiwa, akasema mvua ile imewatesa wengi na jambo la Mungu halina mshtakiwa, pengine shule inaweza kutafuta namna. Huruma ile ilimwelemea Bi Cherehani kuliko ukali. Akasikia kinywa chake kikieleza yote, lori, mpimaji, jibu alilompa na kilichotokea.

Mwalimu mkuu alipanga upya vitabu vilivyokuwa vimepangika. "Bora ungeniambia ni mvua tu," alisema hatimaye. "Sasa nifanyeje, mama?"

Akafanya alilolazimika kufanya. Kazi ikarudishwa duka la mjini. Kitambaa kilichopotea Bi Cherehani atakilipa, kidogokidogo, kwa kushona mapazia na kutia viraka sare za shule bila ujira. Alishukuru. Alitoka nje ya geti la shule akiwa mwepesi na maskini, na hakuweza kusema lipi kati ya hayo lilimtia kizunguzungu.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu vya kutokea. Alichukua karai, akalijaza tope kwenye lundo lililotolewa chumbani, akajitwika. Saruji alimuuliza anakwenda wapi. Akamjibu anarudisha mali ya watu.

"Usifanye hivyo, mke wangu. Utanimalizia wateja."

Alipanda mlima. Tope lilimchuruzika shingoni, watoto wakaacha kucheza. Mbele ya geti la mwenye bucha, bucha yenyewe ikiwa hapo ubavuni, alishusha karai akalimwaga pale pale, kizingitini, na mwenyewe akatoka akiwa na kisu mkononi na aproni yake.

"Shemeji," alisema, "unanivunjia heshima mbele ya wateja."

"Yangu imo humo ndani," Bi Cherehani alisema. "Ukichakura utaiona."

Akageuka akashuka. Alijaza tena, akapanda tena, akamwaga nyumba iliyofuata. Hakutukana mtu, hakugonga mlango. Hilo ndilo lililowashinda watu, maana mtu anayetukana hujibiwa. Wengine walifunga mageti wakamchungulia kwa juu. Aliposhuka mara nyingine, mabega yakimuuma na miguu ikianza kumkatalia, alikuta toroli limesimama kando ya lundo, limejaa, na Saruji ameshika mipini yake miwili ya chuma. Alikuwa amevaa uso wa mtu anayekwenda kunyolewa bila maji.

"Geti lipi linafuata?" aliuliza.

Akamwonyesha nyumba ya mbuzi. Wakapanda pamoja, yeye na karai, mumewe na toroli.

*

Mpimaji alirudi baada ya siku kadhaa, safari hii na vijana wa manispaa waliotumwa kuzibua kalavati. Alipita mbele ya mageti yote akiyatazama yale malundo mekundu yaliyoanza kukauka, kila nyumba na lake, mengine yamesukumwa kando, mengine yameachwa kwa kiburi. Alipofika bondeni Bi Cherehani alikuwa nje anasugua cherehani kwa brashi, na mama mkwe amewekwa kitini kivulini, kikombe cha chai mkononi.

Binti aliamkia. Kisha akauliza vile vile alivyouliza mara ya kwanza, bila kejeli, kama anayefungua upya ukurasa. "Mama, udongo huu umetoka wapi?"

Bi Cherehani alifungua kinywa, lakini aliyejibu alikuwa Saruji. Alitoka ndani na nyundo kubwa na patasi, akaviweka chini.

"Niliuleta mimi. Kwa lori," alisema. "Mke wangu alikudanganya kwa ajili yangu. Chini yake palikuwa na saruji, na hiyo nayo niliiweka mimi."

Mpimaji hakuonyesha kushangaa. Aliwaambia ukweli bila kuupaka sukari, kwamba foleni ya mwaka huu imeshafungwa, na wao wako nyuma. Wakipimwa upya, watalipa ada kubwa kuanzia sasa. Kalavati itazibuliwa leo, lakini kupanuliwa ni mwaka ujao, wakibahatika.

"Kwa hiyo tulipe," Bi Cherehani alisema, "na maji yaingie."

"Kwa masika haya, ndiyo, mama. Pole."

Saruji alitazama juu mtaani, kisha chini kwenye ua wake. "Pima," alisema. Binti akamuuliza kuhusu wale wa juu, maana yeye ndiye fundi wao na nyua zote anazijua. Saruji alisema wa juu wana vinywa vyao, wataulizwa wenyewe, yeye ataje wake. Akaenda mbele ya gurudumu akiondoa vitu njiani, ndoo, kiti, beleshi, ili lisizuiliwe na chochote.

"Kuna sehemu uliyoacha wazi?" mpimaji aliuliza, kidole juu ya simu.

"Andika wote," Saruji alisema. "Sikubakiza hata pa kuotesha mchicha."

Hapo Bi Cherehani aliweka brashi chini. Alikwenda akasimama kwenye kona ya ua, pale juu ya vidato vya chumba cha nyuma, akapiga saruji kwa kisigino. Akasema hapa asipapime, kwa kuwa hapa panavunjwa leo, kutoka ukutani hadi mtaroni, na kama mtu ana neno aseme sasa. Hakuna aliyekuwa nalo. Saruji aliokota nyundo na patasi, akapiga goti mbele ya kazi yake nzuri kuliko zote, akaipapasa mara moja kwa kiganja. Kisha akapiga.

Saruji yake ilikuwa ngumu, lazima tumpe haki yake. Ilimtoa jasho kabla haijatoa ufa. Mlio wa chuma ulipanda mtaa mzima, na juu huko mageti mawili matatu yalifunguka, watu wakasimama wakitazama, hakuna aliyeshuka wala aliyerudi ndani. Kipande cha kwanza kilipong'oka, Saruji alikiinua kwa mikono miwili akakiweka kando taratibu. Chini yake palikuwa na udongo wa kweli wa pale, mkavu, mweupe kwa vumbi, ambao haukuwa umeona mvua tangu siku alipoufunika.

Mama mkwe akaomba asogezwe. Walimsogeza na kiti chake mpaka ukingoni mwa tundu. Aliinamisha kikombe akamwaga chai yote iliyobaki, nao wakasimama pale wanne, fundi, mkewe, binti wa manispaa na bibi kizee, wakiitazama. Chai ilitulia juu kwa muda kidogo, ikapiga povu, ikaanza kushuka, ikaisha.

"Ongeza," mama mkwe alisema.

Bi Cherehani alichukua ndoo akaenda kuchota.